Mume Wangu, Karani Uliyerudisha Fomu ya Binti Yetu

Umetimia mwaka mmoja, mume wangu, tangu asubuhi ile uliponiomba nifungue pazia, ukashukuru, ukalala usiamke tena. Leo tumekaa pamoja kukusemesha wewe mwenyewe, maana hukupenda watu wasemwe wakiwa hawapo.

Kwa miaka ishirini na sita ulikuwa karani katika chuo cha maofisa wa jeshi. Vijana walikuita Mzee wa Fomu. Kila kozi ilipokaribia kutunukiwa kamisheni, wewe ndiye uliyepokea karatasi zao za kuchagua: jeshi la miguu au mizinga, mawasiliano au uhandisi, ugavi au utabibu, kwenda kikosini moja kwa moja kuongoza platuni, au kuongeza mafunzo kwanza, kutumikia miaka michache na kutoka, au kuvaa gwanda mpaka mvi.

Ofisi yako ilikuwa na meza moja, benchi moja na birika lililovuja. Kazi yako ilikuwa kugonga muhuri tu, lakini hilo lilikushinda. Ulimkalisha ofisa mpya kwenye benchi ukamuuliza Jumamosi hufanya nini asipoamrishwa na mtu. Aliyejibu kwamba hulala, ulimpa chai na muda wa kufikiri. Mwaka mmoja platuni nzima iliandika mizinga kwa sababu mkufunzi wa mizinga alikuwa mcheshi. Ukawauliza, uso mkavu, kama walikuwa wamefanya kikao, ukawarudishia fomu zote thelathini na moja.

Nyumbani ulikuwa mpole vilevile na msumbufu vilevile. Ulipiga pasi mashati yako mwenyewe ukisema mimi naharibu kola, na ni kweli. Ukitumwa mkate wa dakika tano ulirudi baada ya saa nzima, kwa kuwa hukuweza kumpita jirani bila kumjulia hali.

Kisha ikafika zamu ya kitinda mimba wetu, aliyesomea uofisa chuoni kwako, kujaza fomu. Wakati huo daktari alikuwa ameshatuambia kwamba figo zako zinashindwa kufanya kazi. Binti huyu alifungua kitasa cha mlango wetu akiwa na miaka minane, akakirudisha kikifanya kazi vizuri kuliko mwanzo. Uhandisi ulikuwa ndani ya damu yake. Lakini mafunzo yake yalikuwa ya mwaka na nusu, safari ya siku mbili kutoka nyumbani, na ugavi ulikuwa kikosi cha jirani, saa moja kwa basi. Mimi ndiye niliyemvuta jikoni nikamwambia achague ugavi, awe karibu akuuguze. Nakiri hadharani, maana wewe ulijua tangu siku ya kwanza.

Ulirudi na fomu yake kwenye mkoba, haina muhuri, ukaiweka mezani katikati ya sahani. Binti akasema ameridhika.

"Mwanangu, fomu hii imejazwa na muuguzi," ukasema. "Mimi nangoja ya ofisa."

Alilia, akajaza nyingine palepale. Mimi nilikununia siku tatu. Siku ya nne nilishindwa kuvumilia, nikakuuliza: yeye akienda, mimi nitabaki na nani?

"Utabaki na mimi, mpaka nitakapoisha," ulisema. "Yeye ana miaka thelathini mbele yake. Tusimfungie hapa."

Na kweli ulibaki. Ulienda hospitali kwa miguu yako kila ulipoweza, na uliponiona nimechoka uliosha vyombo umekaa kwenye kigoda. Kila Jumapili binti alipopiga simu ulimuuliza wiki hiyo wamefundishwa nini, ukamsikiliza akieleza habari za nondo na zege, ukiitikia kama mtu anayeelewa.

Hali ilipozidi, ulinikataza nisimwite kabla hajamaliza mtihani. Nilikutii, nawe ukaondoka zikiwa zimebaki siku mbili. Siku ya mazishi nilimngoja kwa hofu, nikiamini hatanisamehe. Alipofika nilimweleza yote kwa mkupuo. Akanishika mikono.

"Mama, hata ungeniita nikaja, angenifukuza."

Tulicheka, mume wangu. Siku ya mazishi yako, ndugu wakitushangaa, mimi na yeye tulicheka mpaka tukalia.

Sasa amemaliza mafunzo. Anaongoza watu arobaini wanaotengeneza barabara na madaraja, na anaponipigia simu anazungumza haraka haraka, kama mtu aliyeiacha kazi tamu katikati. Ungenisikiliza mimi, leo angekuwa saa moja tu kutoka hapa, akihesabu magunia ya unga, na kila Jumapili angekuja kunitazama kwa upole asioweza kuuficha. Ningejua maana ya upole ule, kwamba ananisamehe kwa kumfungia hapa, na ningeishi nao mpaka mwisho.

Asante, mume wangu, kwa kunikatalia.

Unakumbukwa na mkeo. Mwanao wa kwanza, seremala, pamoja na mkewe. Binti yako, ofisa mhandisi. Wajukuu wako wawili. Dada yako mkubwa, anayedai mpaka leo kwamba ukaidi uliutoa kwa mama yenu. Makarani wenzako, na maofisa wote uliowatuma wakafikiri upya. Tutakukumbuka siku zote tutakazojaliwa.