Ile "Ila" Niliyoikatiza

Mwanangu Aika,

Barua huanza kwa salamu, najua, na mimi ndiye niliyekusumbua utoto wako wote kuhusu salamu. Leo sianzi na habari yako. Nitaiuliza mwishoni. Nimewaomba pia wahariri wa jarida la jumuiya yetu waichape barua hii, maana wazazi wenzangu hapa Minnesota, Marekani, wana kosa kama langu, sema tu bado hawajalijua.

Unakumbuka Jumamosi ile baba yako mdogo alipopiga simu kutoka Moshi? Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, umekaa jikoni unapaka mkate siagi. Mimi nilikuwa nageuza chapati, kwa hiyo simu nikaiweka kwenye spika. Nikamwuliza habari za huko. Nzuri. Wazima? Wazima kabisa. Ng'ombe? Hajambo, kazaa. Mvua? Zimenyesha. "Ila, kaka," akasema, "mama katutoka asubuhi hii."

Chapati iliungua. Wewe hukulia kwanza, ulikasirika. "But he said nzuri!" ukanifokea, kana kwamba mimi ndiye niliyesema. "Bibi amekufa, baba! How is that nzuri?"

Siku ya tatu ndipo nilipopata nguvu za kukueleza. Nilikwambia nzuri si taarifa, nzuri ni hodi. Mtu hamwagi msiba mlangoni. Anabisha, anakaribishwa, anakaa, halafu anasema "ila", na hapo ndipo habari yenyewe ilipo. Na wewe unayesikiliza, ukisikia ila, funga mdomo usubiri. Ulielewa kuliko nilivyotaka. Wiki haikuisha, nilipokuuliza habari za shule ukanijibu, "Nzuri, ila nimefeli hesabu," ukanyamaza ukinitazama. Sheria yangu mwenyewe ikanizuia kufoka.

Ulipojiunga na jeshi la anga nilinuna wiki mbili. Mimi nilikuja nchi hii kusoma uhandisi, nikaishia kutunza mitambo ya joto ya hoteli kule Bloomington, ndege zikipita juu ya paa siku nzima. Ukasema angalau mmoja wetu atazigusa. Kumbe kazi waliyokupa ni kupakia na kupakua mizigo. "Babu yako alikuwa mchukuzi stesheni," nikakutania, "tumezunguka dunia tumerudi palepale." Ulicheka mpaka nami nikaacha kununa.

Halafu wakakupeleka jangwani, kwenye vita, nikawa nayajua maisha yako kwa dakika kumi na tano za kila Jumapili baada ya ibada, wenzio wakiwa kwenye foleni ya simu nyuma yako. Hema la watu kumi na wawili. Kiyoyozi kinachozimika kila adhuhuri. Mchanga kwenye mkate, kwenye buti, masikioni. Vyuma vya kuunguza hata ukivaa glavu. Maji ya kunywa yalikuwa ya moto, lakini Ijumaa mlipewa aiskrimu, na hujawahi kunieleza inafikaje huko bila kuyeyuka. Mama yako alituma karanga na kashata. Kashata zikashikana kwa joto zikawa tofali moja, mkalikata kwa bisibisi. Na uliwafundisha wote kusema "pole". Mtu akijigonga, pole. Ndege ikichelewa, pole. Kuna sajenti mmoja, ulisema, alikuwa anaipa pole hata forklift yake, gari la kunyanyulia mizigo.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Jumapili moja ya Januari nilikuuliza kama kawaida. Kazi? Nzuri. Chakula? Kizuri. Na wenzio? Ukachelewa kidogo. "Wazima," ukasema. "Ila..."

Ukanyamaza. Nikasikia jenereta linanguruma huko nyuma yako. Ulikuwa umefanya vilevile nilivyokufundisha, mwanangu. Umebisha, umekaa. Na mimi, mwalimu wa hodi, nikaogopa kufungua. "Ila joto!" nikaropoka, nikicheka. "Pole mama, huku sisi tumefukiwa na theluji!"

"Yeah, baba," ukasema. "Joto tu." Kisha ukasema wenzio wanasubiri simu, na dakika zako zilikuwa hazijaisha hata nusu.

Mama yako alikuwa anakunja nguo. "Umemkatiza mtoto," akaniambia. Nikamwambia laini ilikuwa mbaya. Haikuwa mbaya.

Kiangazi ulichorudi nyumbani, mwenzio mmoja wa hemani, msichana mrefu wa Wisconsin, alikuja kula nasi pilau. Wewe ulikuwa nje unachoma nyama. Alitushukuru kwa zile karanga, kisha akatuambia kuna kijana wa hema la jirani aliyezipenda kuliko wote. Januari alirudishwa kwao katika sanduku lenye bendera, na wewe ndiye uliyelifunga mikanda ndani ya ndege. Ulivua glavu kwanza, alisema, ingawa chuma kilikuwa kinaunguza. Ukafunga polepole, ukawa unasema "pole, pole" mpaka ukamaliza. Alidhani tunajua. Mama yako akamshika mkono. Mimi nikaenda kuosha vyombo visivyokuwa vichafu.

Sikukuuliza siku ile, wala kiangazi kile chote. Nilijiambia utasema ukiwa tayari. Uongo, Aika. Niliogopa tu. Sasa umerudi kulekule kwa mara ya pili, na kila Jumapili unaniambia "nzuri tu, baba". Hiyo "tu" inaniumiza kuliko kilio. Ni mlango ulioufunga taratibu ili usinisumbue, na mimi ndiye niliyekufundisha kuufunga.

Nisamehe, mwanangu. Jumapili ukipiga, salamu zetu ni zilezile. Sema kazi nzuri, sema chakula kizuri, sema hata ng'ombe hajambo ukitaka. Kisha irudishe ile ila. Hata kama dakika zote zitaisha tunasikiliza jenereta, sitasema neno mpaka useme wewe.

Basi sasa ndiyo nakuuliza. Habari za huko, Aika?

Nimenyamaza,
Baba yako