Msomaji Mmoja wa Blogu Yangu

Kwako mdogo wangu, kitinda mimba wa Mama,

Kabla sijasema lolote, nakujulia hali. Mgongo unasemaje? Na hao wazee unaowatunza huko, bado wanakuita kwa kengele hata wakitaka kugeuziwa mto? Wapwa zangu wamefikia wapi kwa urefu? Waambie mjomba wao bado anainama akipita mlangoni. Huku sisi wazima. Magoti ya Mama yanamgombeza asubuhi, ikifika saa nne yanamsamehe. Mimi ndiyo usiseme, nina afya ya kumgawia jirani na nikabakiwa.

Habari kubwa ni kwamba kaka yako ana blogu. Mimi huyu huyu wa darasa la sita na nusu! Wiki ya kwanza niliweka picha mia mbili na kumi: maharusi, mawingu, pikipiki iliyopinda, na mbuzi wa fundi viatu ambaye, haki ya Mungu, alipojiona kwenye simu alisimama wima akaweka ndevu sawa. Nikautangazia mtaa mzima kwamba wasomaji wangu wanajaza uwanja wa mpira. Fundi viatu akauliza mbona katika uwanja wote huo hakuna hata mmoja anayekuja studio kupigwa picha ya kitambulisho. Yule bwana ana wivu tangu ujana wake.

Basi nikaenda kwa mwalimu wa kompyuta, mama mmoja mpole aliyepanga chumba cha pili kutoka studio yangu, anitengenezee rangi tu. Akaitazama blogu, halafu akasema ni duka linalouza misumari, sabuni na majeneza kwenye kaunta moja. Akaniuliza ninamwandikia nani. Nikamjibu kwa kifua kwamba namwandikia kila mwenye macho. Akacheka, akasema mwenye macho ana mengi ya kutazama. Nichague mtu mmoja, nijue anakosa nini maishani mwake, nimpigie picha hicho.

Kisha akafungua kidude kinachohesabu wasomaji. Mdogo wangu, uwanja wangu wa mpira ulikuwa na watu tisa. Na wanane kati yao nilikuwa mimi, nikiingia kwa simu yangu, kwa simu ya Mama, kwa kompyuta za watu. Wa tisa alikuwa anaingia kutoka nchi uliyoko wewe. Kila siku, na kila siku picha ile ile: dirisha la jikoni kwa Mama, na kitambaa cha sahani kimeanikwa. Picha hiyo niliipiga nikijaribu mwanga tu, nikaisahau humo.

Mwalimu akaniuliza kama namfahamu huyo msomaji. Nikasema ni mteja wangu wa zamani. Nikatoka nikasimama nje kama mtu aliyepoteza funguo.

Tangu siku hiyo sijaweka harusi wala mbuzi. Nimeweka kizingiti ulichokuwa unakalia kusuka nywele. Nimeweka ndala za Mama, ile ya kushoto imelika kisigino kama zamani. Nimeweka ukuta wa chumba chako, pale ulipokuwa ukipima urefu wako kwa mkaa. Mama amekataa kabisa ukuta huo upakwe rangi. Nikibonyeza kamera najikuta nasogea kando kidogo, kana kwamba umesimama nyuma yangu nisije nikakuziba. Mama naye akiniona na kamera siku hizi anajifunga kilemba upya, anauliza kama wewe utamwona. Nikimuuliza nani kamwambia, anasema yeye si mjinga.

Wasomaji sasa ni thelathini na mmoja, na safari hii sijaongeza sifuri. Wengi wako mbali na kwao. Mwalimu amefurahi, ila juzi aliniuliza kwa nini yule msomaji wa kwanza nisimwambie waziwazi kwamba ni yeye ninayempigia picha hizi. Nikajifanya nakohoa.

Sasa nakwambia kwa nini. Jambo hili haliwekwi kwenye blogu.

Unazikumbuka picha zako za pasipoti, ulipopata nafasi ya kusomea uuguzi ng'ambo? Zilirudishwa mara mbili. Mara ya kwanza wakasema pazia si jeupe, mara ya pili wakasema uso una kivuli. Mpaka za tatu zinakubaliwa, nafasi ilikuwa imeshapewa mtu mwingine, na wewe mwaka uliofuata ukaondoka kwa kazi hii ya kuinua wazee. Miaka yote nimesimulia nilivyompandia yule karani wa pasipoti dirishani, nikamfokea mpaka miwani ikamwanguka. Watu wanacheka. Hata wewe ulicheka.

Karani hakuwa na kosa. Pazia jeupe lilikuwepo, nimelikunja ndani ya sanduku, nikatundika la rangi ya krimu huku nikijua. Mara ya pili nikakwambia inua kidevu, nikaizima taa ya upande wa pili. Mimi, niliyekuwa nikipiga picha za pasipoti kwa miaka kumi na minne. Nilidhani ukikataliwa utachoka, utabaki. Sikutaka nyumba ibaki na mimi na Mama tu, tunatazamana. Ukaenda vilevile, tena kwa mlango mbaya zaidi, na maumivu hayo ya mgongo ni mimi niliyekutwika.

Mama hajui. Ukitaka ajue, nitamwambia mwenyewe, nimeketi chini.

Sikuombi unijibu kuhusu hilo. Ila kama picha zangu sasa zitakuchoma, niandikie neno moja tu, nitaifunga blogu, hao thelathini watafute pengine. Na kama bado utatazama, basi niambie nini sijakuonyesha bado. Iwe bomba, iwe ngazi, iwe kona ya uani ambako hakuna kitu. Nitakwenda kuipiga kesho yake asubuhi, na taa zote zitakuwa zimewaka.

Mama anakushika mikono yote miwili, na majirani wanakutaja. Wabusu wapwa zangu kwenye paji la uso.

Ni mimi kaka yako,
Bwana Flashi