Ukurasa Usiotiwa Wino

Tarehe 4 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa binti yako anayekusomea haya. Natumaini mko wazima, na kwamba goti lako sasa linakubali kupanda ngazi. Mimi nipo. Kitanda changu kimesogezwa karibu na dirisha, na daktari ameniambia moyo umechoka, kana kwamba moyo wenyewe ulikuwa haujaniambia. Nakunywa uji, nakohoa, nasoma. Mwambie binti asome polepole, maana herufi zangu siku hizi zinatembea kama kuku aliyenyeshewa.

Wiki iliyopita alinitembelea mchapaji mmoja, mwanamke mwenye nywele fupi na maswali mengi. Utotoni alikuwa msomaji wetu. Anataka kuchapa upya jarida letu la katuni, Kikosi cha Alfajiri, matoleo yote sitini na mawili, katika kitabu kimoja kinene. Aliketi kwenye kile kiti kibovu akaanza kuwataja mashujaa wetu kama watu waliokula naye sahani moja: Nyundo aliyepasua vimondo, Bi Mshumaa aliyewasha nyota zilizozimika, Kasi, na Bubu aliyesimamisha sayari kwa kunyoosha kidole. Kisha akafika kwa Mlakingo.

Anasema hajawahi kuona adui wa namna ile tangu hapo: giza lisilo na uso, linalokula ulimwengu kuanzia pembeni, toleo baada ya toleo, huku Kikosi kikibanwa kwenye duara dogo katikati ya ukurasa. Alikuwa akilisoma jarida letu huku ameshikilia kingo zake kwa vidole ili giza lisizidi kuingia. Anataka niandike dibaji, nieleze wazo lile lilitoka wapi.

Nilimjibu kwamba nitafikiri. Hakuna cha kufikiri. Nakuambia wewe kwanza.

Unakumbuka tulivyofanya kazi. Wewe kwenye meza ya dirishani, juu ya duka la fundi viatu, ukichora kwa penseli. Mimi meza ya nyuma, nikipita juu ya mistari yako kwa brashi na wino, kisha nikifuta penseli na kuandika maneno. Watu walituita Penseli na Wino mpaka majina yetu yakasahaulika. Kuanzia toleo la arobaini na moja, kurasa zako zilianza kunijia na upungufu. Chombo cha angani cha Kikosi hakina mkia. Jiji halina nyumba za pembeni. Vitu vyote vimejazana katikati, na pande zote nne za karatasi ni nyeupe. Mwezi uliofuata ikawa vilevile, na weupe umeongezeka. Sikukuuliza. Nilichovya brashi, nikapaka kingo zote nyeusi, na kwenye kiputo cha maneno cha Nyundo nikaandika: "Kuna kitu kinakula kingo za ulimwengu."

Mlakingo alizaliwa hivyo. Hakikuwa kipaji. Nilikuwa nafunika mahali ambapo macho yako hayakufika.

Nijibu, hata kama ni kwa mstari mmoja.

Kaka yako,
Wino


Tarehe 21 Machi

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima. Goti halijakubali, ila limeshindwa kesi, ngazi napanda. Binti anaandika ninavyosema, na akiongeza lake nitajua kwa sauti ya kalamu.

Nimecheka mpaka nikakohoa kama wewe. Ulidhani sijui? Jarida lilipotoka nililiona, Kaka. Wakati ule, kwa katikati ya jicho, nilikuwa bado naweza kutunga uzi kwenye sindano. Nilijua giza lile sikulichora mimi. Nikajiambia, Kaka ameona kwamba napunja kingo, ameamua kunisitiri. Nikashukuru kimoyomoyo.

Na mimi nilikuficha. Nilijigonga kwenye fremu ya mlango nikasema mlango wa chumba hiki umehamishwa. Fundi viatu alinitania kwamba tangu nianze kuchora nyota nimekuwa na maringo, nampita bila salamu, kumbe alikuwa amekaa upande nisiouona. Nilidhani ni uchovu. Nilidhani ni miwani. Niliogopa nikisema utampa penseli yangu yule mchora matangazo wa barabara ya pili, anayechora watu wote na pua moja.

Kama ningejua ni ugonjwa ningekwenda hospitali kwa miguu. Lakini nani alijua? Macho ya Baba yaliharibiwa na moto wa kuchomelea vyuma, na mimi moto ule sijaushika hata siku moja, ningeogopa nini? Daktari alipolitaja jina la ugonjwa nilikuwa tayari naiona dunia kupitia tundu la ufunguo. Wewe hukujua, mimi sikujua. Yaliyopita si ndwele.

Mwandikie huyo mchapaji kwamba Mlakingo tulimzaa wawili. Kunywa uji wako ungali moto.

Mdogo wako,
Penseli


Tarehe 2 Aprili

Mpwa wangu, nakuomba barua hii usiruke hata mstari.

Mdogo wangu,

Salamu. Hali yangu ni ile ile, ila ngazi nimekatazwa. Barua yako niliingoja kama dawa, na sasa imenikalia kifuani kama jiwe la kusagia. Umenisamehe dogo kwa sababu nilikuletea dogo. Nimechoma nyumba, nikaja kukiri kwamba nimevunja kikombe.

Macho ya Baba hayakuharibiwa na moto. Wewe ulikuwa umejifungua juzi tu, kwa hiyo mimi ndiye niliyempeleka kwa daktari wa macho, katika chumba kilichopakwa rangi ya kijani, chenye ubao wa herufi, kubwa juu na ndogo chini. Baba aliambiwa asubiri nje kwenye benchi. Daktari alikuwa mama mfupi, anafuta miwani yake kwa pindo la koti. Alinieleza kwamba ni presha ya macho. Haiumi. Huanza kula pembeni. Kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki hulindwa kwa matone. Kisha akavaa miwani akaniangalia. "Inafuata damu ya ukoo. Wewe ndiye mkubwa? Waambie wenzako wote wapimwe."

Nilisema ndiyo. Wenzangu ulikuwa wewe peke yako.

Mwanzoni ulikuwa uzembe tu. Una mtoto mchanga, nikasema akitulia nitamwambia, na miaka ikapita juu ya neno hilo. Uzembe huo ningeweza kuukiri hata sokoni. Lakini toleo la arobaini na moja liliponifikia na kingo nyeupe, nilijua. Nilikudanganya niliposema kwamba sikukuuliza tu. Nilijua siku ile ile, brashi ikiwa bado kavu, kwa sababu pembeni kwanza, ndivyo alivyosema yule mama.

Sikiliza nilichofanya. Jumatatu nilikuaga kwamba nakwenda kutafuta karatasi. Nikaenda kwenye chumba kile cha kijani nikapimwa mimi. Nikaambiwa mzima. Nikarudi na karatasi kwapani, ukaniuliza mbona nimekawia, nikasema foleni. Ulikuwa umeinama, unazungusha kichwa kutafuta kifutio kilichokuwa kando ya kiwiko chako. Nilikisogeza mpaka mkononi mwako, nikaketi nikapaka nyeusi.

Mhariri alikuwa akisema jarida ni mkono wako, ukisimama limekufa. Na mimi nina mkono wa kufuata, si wa kuanza. Bila mstari wako mbele yangu mimi ni mtu aliyeshika brashi. Nikasema toleo hili liishe kwanza. Kisha lile. Wasomaji wakampenda Mlakingo. Yakawa matoleo ishirini na mawili, na kila mwezi kabla ya kuupaka weupe niliupima kwa rula. Ulikuwa unapoteza macho, na mimi nilikuwa nacho kipimo chake kwa milimita.

Jambo moja zaidi. Ile picha ya kufunga kila toleo, Kikosi wameshikana mikono. Katika toleo la sitini mikono yako haikukutana. Niliifuta, nikaichora upya, nikaisogeza mpaka ikashikana. Hukuambiwa.

Sina mengine. Sasa unajua ulichokuwa unakisamehe.

Kaka yako,
Wino


Tarehe 15 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, kwa kuwa nililelewa kwa adabu.

Barua imefika. Mama alikuwa ameketi hapa mezani, anasubiri. Niliipitia kwanza kwa macho, na nilipofika kwenye chumba cha kijani nikamwambia umeandika kwamba hujambo, umekatazwa ngazi, na mvua imenyesha. Sijawahi kumsomea uongo. Siku ya kwanza imekuwa kwa ajili yako.

Daktari wa Mama aliniambia mimi nikiwa na miaka kumi na moja. Tulikuwa tunatoka, nimemshika Mama mkono, yeye ameshika kitasa cha mlango. Alisema, "Na wewe ukapimwe, binti." Maneno manne, kwa mtoto, akiwa na wagonjwa wengine nje. Nimepimwa kila mwaka, na nilipofika ishirini na tisa wakaiona presha ile ile. Natia matone kila jioni. Mwandiko wako wa kuku nausoma bila miwani.

Nataka kukuuliza kitu kimoja. Kukiri huku ni kwa faida ya nani? Wewe utapumua uende zako. Yeye abaki nalo gizani, ambako hakuna hata picha ya kumpotezea mawazo. Miaka yote hii ulikuwa na ulimi, umesubiri mpaka wewe ndiye mgonjwa.

Sijui kama nitamsomea. Usiniandikie kunihimiza.

Mpwa wako


Tarehe 29 Mei

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima. Nimesikia hupandi ngazi tena, usishindane nazo.

Barua ya mvua niliomba niishike. Ilikuwa karatasi nne. Mvua haiandikwi kurasa nne, hata na wewe. Nikamwambia binti asome au nimwite jirani asome, na jirani ana mdomo. Akasoma. Alisoma vizuri mpaka kwenye kifutio, hapo akatoka nje, akarudi, akamaliza.

Ni mwezi sasa. Nilianza barua tatu na nikamwambia azichane. Sijakusamehe. Nakuambia mapema ili usilitafute neno hilo huko chini. Labda litakuja, na labda likija utakuwa umeshaondoka. Silizuii wala silivuti.

Unadhani kinachoniuma zaidi ni lile la hospitali. Linauma. Naamka nalo, nahesabu miaka ambayo ningeuona uso wa huyu mtoto ukikua. Lakini ile mikono, Kaka. Miaka yote hii watu wakiniuliza kitu gani kizuri nilichochora mwisho, nawajibu ni mikono ya toleo la sitini. Niliyachukua maneno ya Mhariri, alivyoisifu, nikaingia nayo gizani. Nikiwa peke yangu naishika mikono ile moja baada ya nyingine. Kumbe ni yako.

Basi nimechora. Binti amenibandikia karatasi mezani kwa utepe, nami nikatafuta pembe zake nne kwa kidole. Ni Kikosi, wote wanne, wameshikana mikono. Nimechora mpaka kingo. Nimeikunja ndani ya bahasha hii.

Usiitie wino. Iangalie, kisha uniambie ulichokiona, kama kilivyo. Usinifichie. Mtu wa kuniambia ni wewe, maana binti atasema ni nzuri, na hajui kuchora hata kikombe.

Fanya upesi, nasikia moyo wako haungoji posta.

Mdogo wako,
Penseli


Tarehe 10 Juni

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa mpwa wangu. Mwambie alikuwa na haki ya kila neno. Mimi sijambo kidogo, naandika nikiwa nimelala, na mistari yangu sasa ni mibovu kuliko yako.

Nimeibandika kwenye ukuta mbele ya kitanda. Nimeiangalia siku tatu.

Kichwa cha Nyundo kimekaa mbali na shingo, kati yao pangepita kalamu. Bega lake moja umelichora mara mbili. Moto wa Bi Mshumaa hauko juu ya mshumaa, uko sikioni mwake. Kasi amekimbia mpaka nje. Mguu wake wa kulia umekatika kwenye ukingo wa karatasi, uliobaki nadhani uko kwenye meza yenu. Bubu ni mzuri. Sisemi hivi kukufurahisha. Kidole chake ni kile kile cha toleo la kwanza, mstari mmoja, haukusita, na mimi sijawahi kuweza kuufuata bila kuuharibu.

Weupe hakuna. Pande zote nne umefika.

Mchapaji nimemwambia dibaji ninayo, ni barua yangu ya pili, ila ni yako kwanza. Ukikataa, binti amwambie hapana, na iwe hapana.

Sasa mikono. Wa Bubu umeushika wa Kasi, sawasawa. Wa Kasi umeushika wa Bi Mshumaa, kwa vidole viwili tu. Wa Bi Mshumaa haujaufikia wa Nyundo. Umepita juu yake, umeuacha kwa upana wa kidole kimoja.

Brashi yangu iko kwenye kopo dirishani, naiona kutoka hapa. Sikuusogeza.

Kaka yako