Picha Zilizokataa Kupanda

Nyeri Mjini,
Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, si shambani, na kwamba goti lako limetulia tangu baridi ipungue. Shiro aliniambia mpunga umezaa vizuri na kwamba umerudi kwaya, nikafurahi sana. Mimi mwili ni mzima. Lakini ungesikia sauti yangu kwa simu ungeuliza kuna nini, nami ningelia badala ya kujibu. Ndiyo maana naandika, na jirani yangu Gicheru, ambaye anakuja Kutus kesho, atakuletea mkononi.

Unajua kazi yangu ni kutunza tovuti za watu. Mojawapo ni ya chama cha waongozaji wa mlimani. Mtu akipotea huko juu, wao hurusha droni, ile ndege ndogo yenye kamera, ikapiga picha za mabonde na miamba. Picha hizo hupandishwa kwenye tovuti, kisha watu waliojitolea, wengine Kiganjo, wengine Kianyaga, wengine ng'ambo, hugawiwa kila mmoja sehemu yake aitazame polepole, akitafuta rangi ya koti au umbo la mtu.

Kampuni iliyokuwa ikituhifadhia tovuti hiyo ilikuwa inafunga, basi wiki iliyopita nikaihamishia kwenye seva, ile kompyuta ya kuhifadhia tovuti, ya kampuni nyingine. Nilipomaliza nilijaribu kupandisha picha moja ndogo, ikapita. Nikamwambia Phyllis, mwenyekiti wao, kwamba tumehama salama.

Jumanne, mwongozaji aitwaye Gatimu aliwafikisha wageni wake kambini, kisha akarudi juu kwenye ukungu kumtafuta mpagazi wao, Mburu, aliyekuwa amebaki nyuma. Mburu alishuka kwa njia nyingine, akafika salama. Gatimu hakufika.

Jumatano ukungu haukuondoka, na helikopta haikuweza kukaribia. Wenzake walimtafuta kwa miguu, wakiita jina lake, hadi sauti zikawakauka. Alhamisi asubuhi mawingu yalifunguka kidogo, na Griffins, kijana wao wa droni, akaipandisha, akapiga picha nyingi kabla ukungu haujafunga tena. Akakimbia hadi kwenye ukingo wenye mtandao aanze kuzituma. Tovuti ikazikataa zote. Ikasema faili ni kubwa mno.

Nilikimbilia kompyuta, Mama. Niliingia kwenye mipangilio ya tovuti, nikaongeza ukubwa wa picha inayoruhusiwa, nikamwambia Griffins ajaribu. Ikakataa. Nikaongeza tena, nikazima programu na kuiwasha upya. Ikakataa kwa maneno yale yale. Nikampigia mtu wa kampuni ya seva, akaniambia kwa upole kwamba ombi langu limepokelewa na nitajibiwa kwa zamu. Nikamwambia kuna mtu anakufa kwa baridi. Akaniambia tena nitajibiwa kwa zamu.

Phyllis alikuja ofisini kwangu akiwa bado na gamubuti miguuni. Alisema, "Murugi, wacha hiyo tovuti. Hizo picha zitumwe na WhatsApp tu, watu waanze kuangalia." Tukafanya hivyo. Picha zilifika, watu wakatazama, na mmoja baada ya mwingine wakajibu kwamba hakuna kitu. Nilipoifungua moja na kuivuta karibu, nikaona kwa nini. Ilikuwa imepunguzwa ili iweze kusafiri. Mwamba ulikuwa ukungu wa kijivu, majani yalikuwa madoa. Hata ng'ombe asingeonekana pale, sembuse mtu aliyejikunyata. Nilimwambia Phyllis kwamba tunawauliza watu wamtafute Gatimu katika picha ambamo tumeshamfuta. Alikaa chini sakafuni akajifunika uso na kofia yake.

Nilitoka nje nikasimama kando ya barabara. Mlima haukuonekana kabisa, ni kama haujawahi kuwepo. Nikaomba, Mama, bila maneno. Niliporudi nikajilazimisha kuacha kubofya na kufikiri. Maneno ya kukataa hayakuwa yakibadilika hata kidogo, chochote nilichofanya. Basi labda picha hazikuwa zikifika kwenye tovuti kabisa. Mbele ya tovuti, kwenye seva hii mpya, kuna programu nyingine inayopokea kila kinachotumwa, kama askari wa geti. Huyo alikuwa na kipimo chake, kidogo sana, na alikuwa akiwarudisha wageni huku mimi nikipanua sebule. Picha yangu ya kujaribia ilipita kwa sababu ilikuwa ndogo.

Nikaongeza kipimo cha getini. Picha ikaingia, ikakwama tena, lakini safari hii kwa maneno tofauti, nami nikalia kwa furaha ya kuona maneno tofauti. Kumbe kulikuwa na kipimo kingine cha mzigo mzima unaotumwa. Nikakirekebisha, nikawasha upya, nikampigia Griffins. Alikuwa na baridi hadi maneno yanamtoka vipande vipande. Akasema, "Inapanda. Murugi, ati inapanda!"

Aliyemwona ni Rehana, mwalimu wa hapa mjini. Alinipigia mchana ule akisema, "Fungua hiyo ya bonde la chini, kando ya jiwe lenye ufa. Hiyo rangi ya machungwa si maua." Haikuwa maua. Waongozaji wenzake walimfikia Gatimu kabla ya giza. Alikuwa amevunjika mguu, amejisukuma chini ya jiwe, na alikuwa hai.

Sasa Mama, nisikilize kwa moyo wako wa kanisani. Gatimu ndiye mtu ninayetaka kuolewa naye. Tumependana muda mrefu, nami sikukutajia jina lake kwa sababu ya kazi yake. Tangu Baba abaki huko juu, umetuambia mimi na Shiro kwamba hutaupa mlima mtu mwingine wa nyumba yako.

Jana madaktari walimkata vidole vya mguu vilivyoganda. Wakamwambia hatapanda tena. Aligeukia ukutani akalia kama mtoto. Mimi nilimshika mkono nikamwambia pole, na ndani yangu, Mama, nilikuwa nikimshukuru Mungu. Hilo sijaweza kumwambia. Wewe ndiye mtu pekee duniani atakayenielewa, na wewe ndiye niliyekuwa nikikuogopa.

Njoo umwone. Usipoweza, nitumie neno moja tu na Gicheru, hata likiwa la hasira.

Nisalimie Shiro, na mama zangu wote wa kwaya. Baridi ya asubuhi isikutoe nje bila sweta.

Ni mimi mtoto wako anayekuhitaji,
Murugi