Nilivyolifumba Jicho la Mungu

Jumapili. Mawingu tangu asubuhi lakini mvua haishuki, ni joto tu. Sina raha hata kidogo.

Jumatano Mama alituma picha kwenye grupu la familia. Duara la bluu, kingo zake nyekundu kama kope, na chini yake maneno: "Hili ni Jicho la Mungu. Linakuona." Akaongeza mwenyewe: "Wanangu, mimi nimeiweka kwenye kioo cha simu yangu." Kila mtu akaandika Amina.

Mimi nikaandika somo. Nafundisha fizikia, na kiherehere changu nakijua mwenyewe. Nikaeleza kwamba ile ni nyota iliyokufa, nyota ya aina ya jua letu. Kwamba ikiishiwa cha kuchoma katikati yake inavimba, inakuwa nyekundu, halafu inayaachia matabaka yake ya nje yasambae angani mpaka kinabaki kiini kidogo cheupe, chenye moto mkali. Mwanga wa hicho kiini ndio unaoifanya ile gesi ing'ae vizuri hivyo. Nikamalizia: "Tusisambaze vitu tusivyovijua."

Kaka yangu akatuma vicheko. Mama hakujibu.

Nilijisikia vizuri. Naandika hili kwa aibu: nilijisikia vizuri sana.

Mama ni mgonjwa wa figo. Yeye yuko Kipawa, mimi Boko, upande wa pili wa jiji, na kwa miezi sasa nampigia simu badala ya kwenda. Mara foleni, mara mitihani ya kusahihisha, mara mtoto ana mafua. Ila nafasi ya kuandika insha nzima kuhusu nyota niliipata.

Leo nimekwenda. Amekonda usoni, miguu imejaa. Simu yake ilikuwa mezani, na kwenye kioo hakuna picha yoyote, ni ile rangi tupu inayokuja na simu kutoka dukani.

Nikamwomba msamaha.

"Ulisema kweli," akanijibu. "Mwalimu asiposema kweli, aseme nani?"

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Afadhali angenigombeza.

Nikataka kumrudishia ile picha. Akakataa. "Haitakuwa ileile, mwanangu. Nikiiona nitakumbuka imekufa."

Baadaye, nikiwa namkanda miguu, akauliza: "Na hilo jua letu, siku yake ikifika, litakuwa na nani?"

Jibu nilikuwa nalo. Nyota nyingi zina mwenzao wa kuzungukana naye, jua letu halina. Nilishafungua mdomo nimwambie. Namshukuru Mungu niliufunga. Nikainamia miguu yake nikaendelea kukanda, machozi yananitoka, sikutaka ayaone.

Akauliza naondoka saa ngapi. Huwa anauliza hivyo kila nikija, eti asinicheleweshe.

Nikamwambia leo siondoki.

Kisha akasema, "Basi kaoge mapema, maji hapa yanakatika."

Nimeoga. Nimevaa khanga yake. Nimempigia mume wangu, kesho atampeleka mtoto shule yeye, na mimi nitamwomba ruhusa mkuu wa shule. Mama ananiita nikale, sauti yake imechangamka kuliko nilivyoisikia kwenye simu mwezi mzima.

Kesho nitakuwepo. Keshokutwa je? Hapo ndipo ninapojiogopa.