Maua ya Chai Kwenye Harusi ya Baba

Kwako Mama, huko uliko,

Baba ameoa. Nimeona nikuambie mimi mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine, maana watu wa kijiji hiki unawajua, hata wakishakufa sidhani kama wanaacha kupeleka habari. Ameoa Jumamosi iliyopita, kanisani kwetu. Na aliyepamba ni mimi.

Ndiyo, mimi. Usinikunjie uso, nisikilize kwanza.

Alinieleza tukiwa tunapalilia viazi. Unajua Baba akiwa na jambo zito huanza kwa kukohoa. Akakohoa wee, mpaka nikamwuliza kama nimchemshie tangawizi. Ndipo akasema kwamba kule Bulwa, alikokwenda kutengeneza madirisha ya kiwanda cha chai, amekutana na mama mmoja anaitwa Ester, mchuma chai, mtu mzima, hajawahi kuolewa, Mlutheri kama sisi. Akasema Neema anahitaji mama. Nikamjibu kwamba Neema anaye mama, yuko nyuma ya nyumba kando ya migomba. Baba akainama akaendelea kupalilia.

Nilikosa adabu, najua. Lakini mdogo wangu nimemlea mimi, Mama. Ulituacha hajaacha vizuri kunyonya. Mimi ndiye niliyemtafunia viazi, mimi ndiye niliyekesha naye surua ilipompata. Masika mawili yamepita hivyo, halafu mtu anashuka kwenye basi na sanduku lake anaitwa mama? Nilikataa kabisa moyoni.

Baba hakunilazimisha. Siku chache kabla ya kwenda kumalizia mahari alikuja mlangoni kwangu, akasimama na kofia mkononi kama mtu aliyekuja ofisini, akasema, "Damari, sitamwomba mtu mwingine. Usipopamba wewe, meza itakaa tupu." Basi hapo nikashikwa. Si kwa ajili yake. Nilifikiria watu wanavyoingia na kuona meza tupu katika harusi ya nyumba ya mpambaji, nyumba yako wewe uliyewapambia maarusi kuanzia Soni mpaka Mlalo. Wangesema kazi yako umekufa nayo. Nikasema nitapamba, kwa ajili ya Mama.

Sasa nipambe na nini? Ni kipupwe. Na ile bustani yako ya kule bondeni haipo tena, sikutaka kukuambia. Kijiji chetu sasa ni cha ujamaa, na kamati ilikaa ikaona lile bonde ni zuri mno kwa kabichi. Ndugu Mwenyekiti alisema maua hayaliwi. Alisema pia mapambo ni anasa, tufunge mikanda tujenge taifa. Haya, tukafunga. Vuli iliyofuata binti yake akaolewa, nani alikuja kugonga kwangu kuulizia dalia chache nilizohamishia uani? Nilimpa, lakini nilimpa zilizoanza kusinyaa. Madukani nako hakuna hata karatasi za rangi za kutengenezea maua ya bandia, achilia mbali sukari.

Nikarudi kwenye mafunzo yako. Ulisema kila msimu una meza yake na mpambaji mjinga ni yule anayelazimisha meza ya msimu mwingine. Masika ni mayungiyungi meupe ya kando ya mto, na hayo hayachanganywi na kitu. Mipichi ikichanua, unakata vijiti vichache tu, kwa sababu kila ua unalokata ni pichi ambalo mtoto wa mtu hatalila. Vuli ni dalia na waridi. Kiangazi ni nyasi ndefu zilizokauka vizuri na mashuke. Na kipupwe, ukungu ukiwa umekaa mlangoni kama mdai, unaacha kabisa habari ya maua. Unaingia msituni kuchukua makangaga na yale majani laini yanayoota kwenye magogo, unayavisha makopo ya samli mpaka hata mwenye kopo asilitambue.

Nilifanya hivyo. Nilikwenda msitu wa Magamba peke yangu, nikarudi nimelowa mpaka mifupani, na njiani nilikuwa nakusemesha kwa sauti. Mtu angenikuta angesema nimerukwa na akili.

Likabaki lile tawi. Ulikuwa na desturi yako ambayo sijaiona kwa mpambaji mwingine: katikati ya meza ya maarusi, msimu wowote, liwepo tawi moja kutoka kwao bibi harusi. Ulisema anaondoka kwao na sanduku na machozi, basi mezani pawe na kitu kimoja kinachomjua. Yule wa Vuga ulimwekea mgomba mchanga. Yule wa Mombo ulimwekea jani la mkonge, likamchoma mchungaji akasahau alichokuwa anaombea. Ulicheka siku ile mpaka ukakaa chini.

Kwa hiyo nilimwagiza Baba. Nikamwambia akifika Bulwa akate tawi moja la kwao Ester, alizungushie kitambaa kibichi. Alilipakata tangu kule mpaka anashuka hapa Lushoto, akabadilisha mabasi nalo, hakumruhusu hata utingo kuligusa. Alipolifungua, Mama, nilikasirika kwa jinsi lilivyokuwa zuri. Tawi la mchai, majani yake mazito yanang'aa, na maua madogo meupe yenye manjano katikati. Maua, wakati wa kipupwe! Baba akasema alitafuta sana. Mashamba yote aliyopita yalikuwa majani matupu, mpaka alipofika nyuma ya nyumba moja ya zamani iliyohamwa, akakuta michai mirefu imejaa maua. Alichagua lililochanua kuliko yote. Alikuwa na furaha kama mtoto, nami nilishindwa kumwangalia.

Nililipondaponda kikonyo kama ulivyonifundisha, nikaliweka kwenye maji ya baridi. Jumamosi likasimama katikati ya meza ya maarusi, pale darasani shuleni tulipounganisha madawati, limezungukwa na makangaga. Watu wa huku walipoingia walisema, "Mkono wa mama yake huo." Nilisikia. Nilitamani ungekuwepo usikie.

Wakaingia watu wa Bulwa. Shangazi yake Ester alikuwa mbele, mama wa makamo, mikono imekomaa kwa kuchuma chai tangu ujana wake. Akaiona meza. Akasimama. Kwaya ilikuwa inaimba, naye akanyoosha mkono wimbo ukakatika, akabaki yule wa sauti ya nne peke yake, kisha naye akanyamaza. Shangazi akauliza, "Nani ameweka kitu hiki mbele ya mwanangu?"

Usilolijua ni usiku wa giza, Mama. Sisi huku tunalima viazi na mapeasi, chai tunaikuta kwenye kikombe. Kumbe mchai unaochumwa hautoi ua! Unachumwa wiki kwa wiki, unapogolewa, haupati nafasi. Ua la chai ni la mchai ulioachwa, usio na mwenyewe. Na kule kwao msichana akipitwa na wachumba mpaka umri ukasogea, humtania hivyo hivyo, kwamba ametoa maua. Ester wameshamwita hivyo miaka na miaka. Kisimani, kazini, mpaka na watoto. Anakuja ugenini, siku ya harusi yake, anakuta jina lile limewekwa mezani mbele ya kiti chake, limevishwa na kupambwa.

Watu wote wakanitazama. Mtoto wa marehemu! Nani angesema sikujua? Hata jirani zetu, walionisifia mkono dakika ile ile, niliwaona wanaanza kunong'onezana. Baba akasimama, masikini, akasema kwa sauti, "Nililikata mimi." Alitaka kunikinga. Lo, ikawa afadhali angenyamaza, maana sasa aliyemtukana bibi harusi alikuwa ni bwana harusi mwenyewe. Shangazi akawaambia watu wake wachukue vitu vyao, lori halijazima moto, wanarudi na mtoto wao.

Mama, hapa nikuambie ukweli maana wewe huwezi kudanganywa. Niliona aibu, nilitaka ardhi inimeze. Lakini chini kabisa ya ile aibu palikuwa na kitu kidogo kinasema, waache waende. Kilisema mara moja tu. Mkono wangu haukujua, hilo naapa. Moyo wangu ndio unaonisumbua. Tangu Jumamosi najiuliza kama mkono unaweza kufanya jambo kwa kuagizwa na moyo, mwenyewe usijue. Ungekuwepo ningekuuliza tukimenya viazi, nawe ungenijibu bila hata kuinua uso.

Ester hakuondoka. Alikuwa bado amesimama mlangoni na shela lake. Akaja mpaka mezani, taratibu, watu wakimpisha. Nilidhani atalichomoa alitupe. Akalitazama. Akaligusa ua moja kwa kidole, hakulikata. Kisha akasema, si kwa ukali, "Shangazi, kaa. Ni kweli nilikaa sana, kila mtu anajua. Lakini toka nizaliwe sijaona mtu akiliweka ua hili mezani. Liacheni hapo." Akazunguka meza akaketi kwenye kiti chake, mgongo umenyooka. Shangazi naye akaketi, analia. Kwaya ikaanza tena, vibaya sana, kila mtu na sauti yake. Nikatoka nje nikasimama nyuma ya darasa kwenye ukungu, nikalia mpaka kanga ikalowa.

Kesho yake asubuhi nilimkuta jikoni, anahangaika na kuni zetu mbichi. Sikumpa hata nafasi, nilimwamkia nikaanza papo hapo kumweleza habari ya tawi, kwamba ni desturi yako, kwamba uliwawekea wote, nikamtajia mpaka mkonge wa mchungaji. Nilieleza haraka haraka kama mwizi aliyekamatwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Basi aliyenipa nafasi mezani ni mama yako." Akaniomba kitu kimoja, nimpeleke kwenye kaburi lako. Nikasema nitampeleka. Sikusema lini.

Ni siku kadhaa sasa, na sijampeleka. Yeye hajakumbusha. Ila nimeona jambo. Njia ya kwenda kuchota maji inapita pale migombani, unaijua, ni fupi. Yeye haipiti. Anazunguka kule juu kwa jirani, na ndoo kichwani, kwenye ule mteremko wa utelezi, anarudi anahema. Mwanzo nilidhani anaogopa makaburi. Jana nikamwuliza. Akaniambia hawezi kukupita kila siku kama anapita gogo, na hajajulishwa kwako. Atasubiri apelekwe na mwenye nyumba. Mwenye nyumba, Mama, alimaanisha mimi.

Na jambo la mwisho, ambalo limenifanya nichukue kalamu. Jana hiyo hiyo Neema alijikwaa pale uani akaumia goti. Mimi nilikuwa karibu zaidi. Alinyanyuka analia, akanipita, akaenda kwake, akamwita Mama. Ester alishtuka, akanitazama mimi kwanza kabla hajamshika mtoto. Alikuwa ananiomba ruhusa, kwa macho. Nikaitikia kwa kichwa, nikaingia ndani, nikakaa kitandani mwako. Usimkasirikie Neema. Uso wako haukumbuki. Nimejaribu kumsimulia, lakini huwezi kumsimulia mtoto uso. Mimi siwezi kumwita hivyo, nitamwita Mama Mdogo, naye amesema inatosha.

Bado naumia, sikufichi. Kuna asubuhi namsikia anapiga vyombo jikoni na nusu ya usingizi nadhani ni wewe, halafu nakumbuka, na hapo namchukia kwa bure kabisa. Nitajitahidi. Nimeshachoka kumwona anapanda ule mteremko na ndoo.

Lala, Mama yangu. Mungu akufunike vizuri na baridi hii. Nakuahidi, kesho kukipambazuka nitamleta. Nimemwambia asichume chochote, aje mikono mitupu kama mgeni wa kawaida. Yeye ni mdogo kwako, kwa hiyo atapiga magoti na atakuambia shikamoo. Nawe ukishindwa kuitika, usihangaike. Nitakuwa nimesimama hapo hapo, na nitaitika mimi kwa niaba yako: marahaba.

Mwanao,
Damari