Kikapu cha Risper

Mama Awuor,

Nina wivu. Nimeona nianze na hilo kwa sababu ulikuwa ukinisoma usoni kabla sijafungua mdomo, na sioni haja ya kukuficha sasa eti kwa kuwa umelala kule Nyakach. Namwonea wivu Risper. Nilikuwa nao wivu huu ukiwa hai, nikadhani tutauzika pamoja nawe. Umebaki huku juu nami, tena umenenepa.

Mambo yamebadilika kidogo tangu uondoke. Kitalu chako kando ya barabara ya Dunga hapa Kisumu ninacho mimi, kama ulivyosema. Neti ya kivuli ilichanwa na upepo wa ziwa nikashona, ikachanika tena, nikachoka nikaweka nyingine. Kiti chako cha plastiki bado kipo, mguu mmoja nimeufunga waya, na sijamruhusu mteja yeyote akikalie. Risper naye amefungua kitalu chake. Angeweza kwenda Kondele, angeweza kwenda Mamboleo. Amefungua ng'ambo ya barabara, hapo tu mbele yangu. Nikiinua kichwa kutoka kwenye miche ya sukuma wiki naona vikapu vyake.

Ni vilevile vyetu, vya nyavu kuukuu za samaki, ndani vimetandikwa gugumaji lililokauka. Lakini fuksia zake zinaanguka, Mama. Zinatoka ukingoni, zinainama, zinashuka mpaka kifuani mwa mtu mzima, na maua yananing'inia kama hereni, meupe na sketi ya waridi iliyokoza. Zangu zimesimama juu ya kikapu kama wanafunzi kwenye gwaride, na mtu aliye chini anaona kitako cha kikapu tu. Wiki iliyopita mama mmoja alikuja kwangu kuchukua udongo. Muda wote nilipokuwa nikimjazia gunia alikuwa ameangalia ng'ambo. Jirani yangu anayeuza vyungu hakunihurumia, akasema kizuri chajiuza. Hakuimalizia methali. Niliimalizia mwenyewe moyoni.

Unajua wivu ulianza lini. Mimi ndiye niliyetangulia. Nilikuja kutoka Port Victoria na begi moja, ukanishikisha mpira wa maji siku hiyohiyo, ukaniita Nyar Port, binti wa Port, nikaona nimepata mama wa pili. Miaka miwili baadaye akaja Risper, Mjaluo mwenzako, na kila mchana mkikaa kunywa chai mnacheka kwa Kijaluo. Mimi Mluhya nilikuwa nikishika neno moja kati ya matano. Nikiuliza mnacheka nini, unajibu, "Aa, ni maneno tu." Maneno hayo tu sijayamaliza kuyatafuna mpaka leo.

Na bado ukaniambia nimfunze. Mikono yako ilikuwa imeanza kutetemeka, kwa hivyo mimi ndiye niliyemwonyesha kukata ncha mche ukifikisha jozi tatu za majani, ili utoe matawi mengi. Mimi nilimwonyesha kupanda ukingoni, mche ukiwa umelazwa kidogo kuelekea nje. Nilimwonyesha kupima kiu ya kikapu kwa kukiinua na kiganja, na kukitundika mahali jua la asubuhi linafika na la mchana halifiki, maana fuksia ni mmea wa baridi na Kisumu hii inaupika. Alishika upesi. Hilo nalo liliniuma.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Watu wakiniuliza kwa nini maua mazuri yako kwa Risper, huwa nasema wewe ndiye uliyempa. Nasema ulimpendelea kwa kuwa damu ni nzito kuliko maji. Nimelisema kanisani, nimelisema kwa jirani wa vyungu, nimelisema mara nyingi hata nikaanza kuliamini.

Sivyo ilivyokuwa. Fuksia za kitaluni tulikuwa tumeziuza zote, ukaagiza viletwe vikapu viwili ulivyokuwa ukivitunza nyumbani kwako Nyalenda, ambavyo sisi hatukuwa tumevizoea. Ulikuwa umekaa kwenye kile kiti, miguu imevimba. Ulisema kila mmoja wetu achukue kimoja, kiwe mama wa miche yake yote. Ulisema nichague kwanza kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Kimoja kilikuwa kimejaa maua mekundu. Kingine kilikuwa kimetoka kupunguzwa, hakina ua hata moja, vitawi vyembamba vimelala ukingoni kama vinaumwa. Ukaniambia, "Nyar Port, hii maua usichague na macho. Weka kidole."

Nilijua unachosema. Ulitufunza sote wawili: weka kidole chini ya tawi, liinue, kisha liachie. Likibaki palepale limekaza shingo, hilo ni la kupanda kwenye chungu cha chini. Likishuka lenyewe polepole bila kuvunjika, hilo ndilo la kikapu cha kutundika. Nilijua, Mama, na sikuweka kidole. Nilimwona Risper akiyaangalia yale mekundu, nikayakumbatia kabla hajasema neno. Yeye akachukua kilichobaki, akakushukuru. Wewe ukaomba maji ya kunywa.

Kilipochanua kwake, cheupe na sketi ya waridi, ndipo nikajua nilichokiacha. Ilikuwa ile fuksia yako uliyotoka nayo Kericho ukiwa msichana.

Miezi minne iliyopita tulikuja kwako kwa ibada ya kumbukumbu, huko Nyakach, ng'ambo ya Katito. Wanao walituomba tupambe veranda. Nilitundika vyangu kushoto, Risper akatundika vyake kulia, na kila mtu aliyepanda ngazi akageukia kulia. Dada yako akamuuliza Risper nani alimfunza kazi nzuri hivyo. Risper akanishika bega mbele ya watu wote, akasema, "Mama alinionyesha, lakini mwenye alinifunza ni huyu." Nilitamani angejisifu. Angejisifu ningemchukia vizuri, nirudi nyumbani nimeridhika.

Watu walipokuwa wakila, nilirudi verandani peke yangu. Nikavunja tawi moja kwenye kikapu chake kwa ukucha, nikalifunga kwenye kitambaa nilichokilowesha kwa maji ya kunawa mikono, nikakitia mkobani. Tulirudi Kisumu nimekaa kando yake. Alinipa nusu ya ndizi yake na nikaila.

Lile tawi lilishika. Limekuwa mche, nao ninauficha nyuma ya magunia ya udongo, na leo una matumba matatu. Ulikuwa ukisema maua ya kuomba hukauka, ya kuiba hushika, halafu unacheka mpaka unakohoa. Ulijua unachosema. Uliniambia mwenyewe jinsi ulivyovunja tawi kwenye veranda ya mwajiri wako kule Kericho, ungali msichana wa kazi, ukalifunga kwenye kitambaa chenye maji. Uliniambia pia kwamba uliuficha mmea ule nyuma ya choo miaka mitatu, ukiogopa mwajiri asije akapita Nyalenda, yeye aliyekuwa hashuki huku hata mara moja. Miaka yote mitatu haukutoa ua la maana. Ulichanua ulipoutoa mbele.

Mwajiri wangu mimi hayuko Kericho. Yuko ng'ambo ya barabara na ataujua mmea huu kabla ua la kwanza halijafunguka, kwa sababu Kisumu nzima sijauona kwa mtu mwingine.

Basi nakuahidi hivi. Kesho asubuhi nitautia kwenye kikapu cha nyavu na kuutundika mbele, upande wa barabara. Risper akifungua geti lake atauona. Sitamngoja avuke kuja kuuliza. Nitavuka mimi, nimwambie niliiba, na nimwambie mbele ya wateja wake nani aliyechagua kwanza siku ile. Halafu nitapita kwa jirani wa vyungu nimwambie vivyo hivyo, na Jumapili kanisani. Wivu siahidi kwamba utaisha. Akicheka kwa Kijaluo na mtu bado nitageuza shingo.

Kaa na amani huko, Mama, na uwe na subira nami kama ulivyokuwa nayo hapa. Kabla sijaandika barua hii nilikwenda nyuma ya magunia. Niliweka kidole chini ya tawi, nikaliinua, nikaliachia. Lilishuka.

Ni mimi,
Nyar Port